Mahali na Kina: Utangulizi wa Uchoraji wa Sakafu ya Bahari kwa Vyombo Vinavyojiendesha

Juni 2016, kisiwani Pemba, paliokotwa ufukweni kipande kikubwa cha bawa la ndege. Kilipelekwa Australia, na wachunguzi waliposoma alama za kiwandani zilizobaki ndani yake wakathibitisha kuwa ni sehemu ya bawa la kulia la Boeing 777 ya Malaysia Airlines, safari MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Kwa zaidi ya miaka miwili Bahari ya Hindi ilikuwa imekisukuma kipande hicho hadi pwani ya Waswahili.

Magazeti yaliiandika habari hiyo kuwa fumbo la ndege. Sisi tunaofundisha upimaji wa bahari tuliisoma kama habari ya ramani. Aprili 2014, mwezi mmoja tu baada ya ajali, chombo kinachojiendesha kiitwacho Bluefin-21 kilishushwa kusini mwa Bahari ya Hindi kutafuta mabaki. Kilikuwa kimeundwa kuhimili kina cha mita 4,500. Katika mzamio wake wa kwanza kilikatisha kazi baada ya saa chache na kupanda juu chenyewe, kwa sababu maji yalikuwa na kina kirefu kuliko ramani ilivyoonyesha. Watu walikuwa wakitafuta kitu mahali ambapo hata umbo la ardhi yake halikujulikana.

Ikabidi waanze upya. Kwanza meli zilipita juu zikipima kina, zikachora milima, magenge na volkano ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ndipo vikafuata vyombo vya kusogea karibu na sakafu. Hata baada ya hapo, Januari 2016, kifaa kimoja kilichokuwa kikiburutwa na meli kwa kebo ndefu kiligonga volkano ya tope iliyoinuka mita 2,200 kutoka sakafuni, kebo ikakatika. Kufikia Januari 2017 kilomita za mraba 120,000 zilikuwa zimekaguliwa. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ilikwenda na vyombo vinane vilivyoweza kufanya kazi kwa pamoja, ikapita kilomita za mraba 112,000 nyingine kwa miezi michache. Ndege haikuonekana. Yalionekana mabaki ya meli mbili za biashara za karne ya 19, na nchi nzima ya chini ya maji ikaingia kwenye ramani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kimebeba karibu kila jambo ambalo mwanafunzi wa taaluma hii atakutana nalo. Anayeingia leo huvutiwa kwanza na mashine yenyewe: umbo lake la samaki, rangi yake ya njano, betri zake, sona zake. Ni haki yake kuvutiwa. Lakini baada ya miaka mingi ya kufundisha nimeamini kwamba moyo wa kazi hii ni swali ambalo kila nahodha alijiuliza tangu zamani: niko wapi? Kina bila mahali ni namba tu. Na chini ya bahari, kujua mahali ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Tuanze na sababu ya giza lenyewe. Mwanga wa jua hautoboi maji zaidi ya mita mia chache. Mawimbi ya redio hufa karibu mara tu yanapoingia kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo hakuna GPS chini ya bahari, wala simu, wala intaneti. Setilaiti zinaweza kukisia umbo la sakafu kwa kupima jinsi uso wa bahari unavyovimba kidogo juu ya milima iliyozama, kwa kuwa uvutano wa mlima hukusanya maji. Ila kipimo hicho huona vitu vya kilomita kadhaa tu. Kilima cha mita 300 kwa upana kinapotea kabisa. Ndiyo maana mradi wa Seabed 2030, unaoendeshwa na Nippon Foundation pamoja na GEBCO, mpango wa kimataifa wa ramani za kina cha bahari, ulipoanza mwaka 2017 ulikuta ni asilimia 6 tu ya sakafu ya bahari za dunia iliyopimwa moja kwa moja kwa kiwango kinachokubalika. Kufikia Juni 2025 ilitangazwa kuwa asilimia 27.3. Karibu robo tatu iliyobaki bado ni makisio.

Kinachosafiri vizuri majini ni sauti. Mabaharia wetu walipima kina kwa bildi, wakihesabu pima kwa pima, na meli ya Kiingereza Challenger ilifanya vivyo hivyo kati ya 1872 na 1876, ikilazimika kusimama kila ilipotaka namba moja. Mwangwi ulibadilisha mambo. Unatuma mlio, unasubiri urudi, unagawa muda kwa mbili na kuzidisha kwa mwendo wa sauti majini, ambao ni takriban mita 1,500 kwa sekunde. Katika maji ya mita 3,000, mlio unakwenda na kurudi kwa sekunde nne. Meli ya Misri Mabahiss ilibeba kipimo cha namna hii ilipozunguka magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1933 na 1934 katika msafara wa John Murray, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa bandari zake.

Katika miaka ya 1950, Marie Tharp alikaa mezani katika jimbo la New York akichora namba za mwangwi zilizoletwa na wanaume waliokwenda baharini, kwa kuwa wanawake walikuwa hawaruhusiwi melini. Katika michoro yake aliona bonde lililopasua mgongo wa milima katikati ya Atlantiki. Yeye na Bruce Heezen waliufuata ufa huo bahari hadi bahari, wakauona ukipita Ghuba ya Aden na kuungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ardhi wanayolima watu wa Naivasha na Manyara ni ndugu wa sakafu ya bahari, na aliyeonyesha hivyo hakuhitaji zaidi ya namba nzuri na subira. Ningependa kila mwanafunzi amjue mama huyu kabla hajagusa kompyuta.

Sasa swali la msingi: kama meli inaweza kupima kwa mwangwi ikiwa juu, kwa nini kuishusha mashine chini?

Jibu liko katika jiometria ya mwale. Sona ya miale mingi, iliyofungwa chini ya meli, hupeleka mamia ya miale ya sauti kama feni iliyofunguliwa. Chukua mwale wenye upana wa nyuzi 1. Unapofika sakafuni mita 4,000 chini, umetanuka na kugusa eneo la mita 70 kwa upana. Kila kilichomo katika mita hizo 70, mwamba, shimo, meli iliyozama, kinakuwa namba moja. Ukikishusha chombo hadi mita 50 juu ya sakafu, mwale uleule unagusa eneo lisilofika mita 1. Isitoshe, sauti ya masafa ya juu, ambayo ndiyo inayoonyesha vitu vidogo, hufyonzwa haraka na maji. Sona ya kilohezi 400 haifiki mbali zaidi ya mita mia moja au mia mbili, ilhali meli katika maji makuu hulazimika kutumia takriban kilohezi 12. Kuona vizuri kunataka kusogea karibu, na hakuna teknolojia ya meli itakayoliondoa sharti hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali sana na kwetu, mbele ya barafuto la Thwaites huko Antaktika. Mwaka 2019 chombo kiitwacho Rán, cha Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, kilishushwa huko na kupita karibu na sakafu kwenye kina cha takriban mita 700. Kikarudi na picha ya matuta zaidi ya 160 yaliyopangana sambamba, kila moja likiwa na kimo kisichofika mita moja. Timu ya Alastair Graham na wenzake ilipoyachambua, katika makala ya 2022, ilionyesha kwamba matuta hayo yaliandikwa na ukingo wa barafu uliokuwa ukipanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa, tuta moja kila siku. Wakiyahesabu waliona kuwa wakati fulani katika miaka 200 iliyopita, kwa muda usiofika miezi sita, ukingo ule ulirudi nyuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2.1 kwa mwaka. Hiyo ni kasi maradufu ya ile iliyopimwa na setilaiti katika muongo wa karibuni. Sasa piga hesabu: meli yenye mwale wa nyuzi 1 juu ya mita 700 za maji inaona vipande vya mita 12. Matuta yasingeonekana kabisa. Pangeonekana uwanda tu, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba hapo palikuwa na kalenda.

Wazo la kuiacha mashine izame peke yake si geni. Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani kilianza kuunda SPURV mwaka 1957. Taasisi ya Woods Hole iliingia baharini na ABE katika miaka ya 1990, na Uingereza ikaingia na Autosub. Leo vyombo vikubwa hufika mita 6,000, kina kinachotosha kwa sehemu kubwa mno ya bahari za dunia. Kule chini kanieneo hufikia takriban mara 600 ya ile ya hewa tunayovuta.

Nikusimulie mzamio mmoja ulivyo, kwa kuwa hapo ndipo utaelewa kwa nini ninasisitiza mahali. Chombo kinateremshwa kwa mtambo ulio tezini. Kikiwa bado juu kinasoma GPS yake kwa mara ya mwisho. Kisha kinainamisha pua na kuanza kushuka, mara nyingi kwa kuzunguka, na safari ya mita 4,000 huchukua zaidi ya saa moja. Ndani yake mna mfumo wa inesha unaohisi kila mgeuko na kila badiliko la kasi, na mna kipimakasi kinachotuma milio kwenye sakafu na kusikiliza jinsi mwangwi ulivyobadilika sauti, ili kijue kinakwenda kwa mwendo gani juu ya ardhi. Lakini kipimakasi hicho kinahitaji kuisikia sakafu, na masafa yake ni takriban mita mia mbili au pungufu. Katika safari yote ya kushuka sakafu haisikiki. Chombo kinakisia. Mkondo wa sentimita 20 kwa sekunde ambao hakiujui, ukikisukuma kwa saa nzima, utakifikisha mita 720 mbali na pale kinapodhani kipo. Na sentimita 20 ni mkondo wa upole. Msimu wa kusi, maji ya juu ya pwani yetu hukimbia zaidi ya mita 1 kwa sekunde.

Kwa hiyo meli hukaa juu na kukisikiliza kwa milio, ikipima pembe na umbali, na kukitumia masahihisho. Au hutegwa sakafuni vinara vya sauti kabla ya kazi, chombo kikajipima kwavyo. Kikishaisikia ardhi, mifumo mizuri hukosea takriban mita 1 kwa kila kilomita 1 ya safari. Linaonekana jambo dogo. Lakini chombo hutembea kilomita 80 au 100 kwa mzamio mmoja, kikienda na kurudi kama mkulima anayepitisha plau, na kosa linakua njiani. Mstari wa mwisho unaweza kuwa umehama makumi ya mita kutoka ulipotakiwa kuwa, na mwamba mmoja ukajitokeza mara mbili kwenye ramani kana kwamba ni miamba miwili.

Kina nacho kina hila zake. Chombo hupima kanieneo kujua kiko chini kiasi gani, hupima kwa sona kimo chake juu ya sakafu, na jumla yake ndiyo kina cha bahari. Lakini mwendo wa sauti hubadilika kwa joto, chumvi na kanieneo, na miale ya pembeni hupinda inapovuka tabaka za maji. Ukitumia kipimo cha maji cha jana kwa kazi ya leo, kingo za kila mstari zitajikunja juu au chini, na utapata mabonde marefu yaliyonyooka ambayo hayakuumbwa na kitu chochote. Wanafunzi huyaona na kufurahi kwamba wamegundua mfereji. Mfereji unaofuata njia ya chombo kwa usahihi namna hiyo ni wa chombo.

Upweke wa mashine una gharama. Autosub2 ilipotelea chini ya barafu ya Fimbul huko Antaktika mwaka 2005. ABE ilipotea karibu na Chile mwaka 2010. Rán, iliyotuletea yale matuta ya Thwaites, haikurudi kutoka chini ya barafu ya Dotson mwaka 2024. Mrithi wa Autosub2, Autosub3, mwaka 2009 aliingia chini ya barafu ya Pine Island na kurudi na habari ya mgongo wa ardhi ambao barafuto lile lilikuwa limeuegemea zamani. Ugunduzi huo ulibadilisha maelezo ya kwa nini linayeyuka haraka. Sioni njia nyingine ya kuipata habari ile. Meli haiingii, mpiga mbizi haingii, kebo haifiki.

Niseme pia juu ya utafutaji, kwa sababu wengi huijua taaluma hii kupitia ajali. Ndege ya Air France, safari 447, ilianguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na watu 228. Karibu miaka miwili ya kutafuta sakafuni haikuzaa kitu. Mwaka 2011 wataalamu wa takwimu walirudi kwenye kumbukumbu za misako yote iliyotangulia na kuuliza: je, ni kweli kwamba pale ambapo milio ya visanduku vyeusi haikusikika, ndege haipo? Wakaruhusu uwezekano kwamba vitoa-milio vyenyewe vilikuwa vimeharibika. Ramani ya uwezekano ikageuka, ikarudi karibu na mahali ndege ilipojulikana mara ya mwisho. Vyombo vitatu vya REMUS 6000 vilipelekwa huko, na kwa muda wa takriban wiki moja mabaki yakaonekana kwenye kina cha mita 3,900. Mashine zilifanya kazi yao vizuri, lakini waliozielekeza ni watu waliojua tofauti kati ya “tumepita hapa” na “hapa hapana kitu.”

Usidhani basi kwamba vyombo hivi vitachora dunia nzima. Kimoja kinachokwenda mita 1.8 kwa sekunde, kikipima ukanda wa mita 200 kwa upana, kinamaliza takriban kilomita za mraba 31 kwa siku. Bahari zina kilomita za mraba milioni 360. Hesabu inakupa zaidi ya miaka 30,000. Meli moja juu ya maji ya mita 4,000, ikipima ukanda wa kilomita 12, ingehitaji karibu karne mbili. Meli ndizo zitakazojaza ramani kuu. Vyombo vinavyojiendesha ni vya mahali ambapo swali limekwisha kuulizwa na jibu liko katika vitu vya mita moja au chini yake.

Maswali ya namna hiyo pwani yetu inayo tele. Unguja na Mafia zimekaa juu ya maji madogo ya ukingo wa bara, lakini kati ya Pemba na bara sakafu inashuka hadi takriban mita 800. Kwenye miteremko hiyo, na ile ya Tanga, ndiko anakoishi silakanti, samaki ambaye dunia ilimdhani ametoweka tangu enzi za dinosaria. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwa wingi, na hifadhi kwa ajili yake ikatangazwa mwaka 2009. Anajificha kwenye mapango ya miamba yenye kina. Ukitaka kujua yako mapango mangapi na nyavu zishushwe wapi ili zisimguse, sona ya meli haitakutosha. Mradi wa SOLSTICE, ulioongozwa na National Oceanography Centre ya Uingereza kwa kushirikiana na taasisi za ukanda huu, ulileta roboti za baharini katika maji ya Pemba na Unguja mwaka 2019. Kusini zaidi kuna gesi iliyogunduliwa kwenye maji ya zaidi ya mita 1,000, katika miteremko iliyokatwa na makorongo. Na kuna kebo za mawasiliano: Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, watu kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi walijionea jinsi intaneti yao inavyolala juu ya sakafu ambayo wachache wameitazama.

Msimamo wangu hapa ni wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi yenye pwani mamlaka ya kuridhia utafiti wa kisayansi ndani ya maili 200, pamoja na haki ya kushiriki na kupata data. Haki ya kupata data haina maana kama hakuna anayeweza kuifungua na kuikosoa. Chombo kimoja cha mita 6,000 kinagharimu fedha nyingi mno, na si lazima kila nchi iwe nacho. Lakini watu wa kuhoji ramani tunawahitaji sasa, Mombasa, Zanzibar, Tanga na Mtwara, na gharama ya kuwafundisha ni ndogo. Mvuvi wa mishipi anayejua mwamba wa kina kwa kupanga mnazi na mnara wa msikiti naye awe mezani. Anajua mahali kwa namna ambayo kipimakasi hakijui.

Ukiniuliza uanzie wapi, sitakupeleka kwenye kiwanda cha roboti. Tafuta data ya mzamio mmoja. Nyingi imewekwa wazi, ikiwemo ile ya msako wa MH370 iliyotolewa na Australia. Katika kila kazi iliyopangwa vizuri kuna mistari michache iliyopitishwa kwa makusudi kukata mingine. Nenda kwenye makutano hayo. Soma kina kilichopimwa na mstari wa kwanza, kisha kile cha mstari uliokuja saa kumi baadaye juu ya jiwe lilelile. Vikitofautiana kwa mita 4, usiendelee mbele hadi umejua mita hizo 4 zimetoka wapi: kama ni maji kujaa, au ni sauti iliyopinda, au ni chombo kilichokuwa kimehama huku kikiamini kiko pale pale.